Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu: Mwanangu alikariri kitabu, hakukisoma

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Elimu,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Kamishna wa Elimu,
na maafisa elimu wote wa mikoa na halmashauri.

YAH: WATOTO WA DARASA LA KWANZA NA LA PILI WANAOPANDA MADARASA BILA KUJUA KUSOMA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu ndogo pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, vyerehani viwili, na kila Januari nalala saa nane za usiku kwa ajili ya sare: sketi za bluu, mashati meupe, kaptula. Watoto wengi wa shule ya mtaani kwetu nimewapima mimi kiuno na bega kabla mwalimu hajawapima akili. Mmoja wao ni binti yangu, sasa yuko darasa la pili katika shule ya serikali. Jina lake silitaji, wala la shule, wala la mwalimu yeyote. Sitafuti mtu wa kuhamishwa.

Naandika hadharani kwa sababu milango mingine nimekwisha kuigonga. Nilianza kwa mwalimu wa darasa Agosti mwaka jana. Nikaenda kwa mwalimu mkuu mara mbili. Nikasimama kwenye mkutano wa wazazi, mwenyekiti wa kamati ya shule akasema hoja yangu ni nzuri na itaingia kwenye mengineyo. Mengineyo hatukuyafikia, mvua ilianza. Nikaenda kwa Afisa Elimu Kata, akaniambia niandike. Nikaandika, nikaipeleka barua kwa mkono wangu ofisi ya elimu ya halmashauri, wakanigongea muhuri wa mapokezi kwenye nakala. Nakala hiyo nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Mwezi huu inatimiza miezi saba. Majibu hakuna. Mara ya mwisho nilipofuatilia niliambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina.

Sasa niwaeleze nilichokiona.

Jioni moja ya Agosti hiyo binti yangu, wakati ule darasa la kwanza, alikuwa ananisomea kitabu cha shule, amekaa juu ya furushi la vitambaa. Alisoma vizuri, kwa ile sauti ya kupanda na kushuka ambayo darasa zima hutumia likiitikia. Nikafurahi. Kisha nikaona macho yake yako barabarani, anamfuata muuza ubuyu. Mdomo unasoma, macho hayapo. Nikachukua kipande cha kitambaa nikafunika picha. Akanyamaza. Nikafunua, akaendelea. Nikafunika tena, nikamwekea kidole chini ya neno moja: kuku. Akaniangalia usoni kama anatafuta jibu kwenye mashavu yangu, akasema, "Jogoo."

Pichani kulikuwa na jogoo.

Mtasema hakukosea sana, kuku na jogoo ni ukoo mmoja. Lakini mtoto yule hakuwa anasoma. Alikikariri kile kitabu kama watu wanavyokariri wimbo wa harusi, na picha ndizo zilizokuwa zikimkumbusha ubeti unaofuata. Nikajaribu namba. Anahesabu moja hadi mia bila kuvuta pumzi. Nikamuuliza, baada ya arobaini na saba inakuja ngapi? Akaanza: moja, mbili, tatu... Alipofika arobaini na saba akapaza sauti kwa furaha, "Arobaini na nane!" Alifika, ndiyo, ila kwa miguu, kutoka mwanzo wa barabara.

Ripoti yake ya Juni ilisema Kusoma 82, Kuandika 78, Kuhesabu 90. Nafasi ya 31 kati ya 127. Nikakaa nikiwawaza wale 96 walio nyuma yake.

Hoja zangu ni hizi.

1. Hakuna anayemsikiliza mtoto akisoma peke yake.

Hili ndilo shina. Nitakayoyasema baadaye ni matawi yake.

Darasa la binti yangu lilikuwa na mikondo miwili. Mwalimu mmoja akaenda likizo ya uzazi, mikondo ikaunganishwa, na aliporudi akapangiwa darasa la saba kwa kuwa ndilo lenye mtihani. Mikondo haijatenganishwa hadi leo. Watoto 127, mwalimu mmoja, wanabanana wanne na watano kwenye dawati. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo nilipima: ukimpa kila mtoto dakika moja tu asimame asome, unahitaji saa mbili na dakika saba. Vipindi vinne havitoshi, na hapo hakuna aliyekohoa wala aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mwalimu afanyeje? Anaelekeza fimbo ubaoni, anasema "ma", nao wanaitikia "maaa". Anayejua anaitikia, na asiyejua anaitikia vilevile, nyuma kidogo ya wenzake. Nimewahi kusimama nje ya dirisha nikatega sikio. Ukiwa nje unasikia darasa linalojua kusoma. Mwalimu naye anasikia hivyo hivyo, na simlaumu. Ikifika Jumatano sauti yake imekauka, anafundisha kwa kunong'ona na kupiga ubao.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili ni lugha nyepesi kuisoma. Herufi zetu hazina ujanja. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, leo na kesho. Mtoto akishaelewa kwamba m ikikutana na a inatoka ma, ameshika ufunguo wa karibu kila neno. Yanabaki machache ya kumsumbua: ng' ya ng'ombe, mbw ya mbwa, nyw ya kunywa, na dh na th ambazo hata sisi wakubwa zinatusumbua. Lakini ile silabi lazima aitoe yeye, kwa mdomo wake, akosee, arekebishwe pale pale. Ukimwacha aitikie na wenzake 126, kosa lake linazama humo na hakuna atakayelisikia.

Mama yangu, bibi yake, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mama akawa anakwenda kwenye kisomo chenye manufaa, jioni, akitoka shamba, mtoto mgongoni. Walikaa chini ya mwembe. Mwalimu wao mwenyewe alikuwa ameishia darasa la saba. Mama anasema mwalimu yule alimwita kila mmoja ubaoni, mmoja mmoja, hata wazee. "Aibu ilikuwepo," anasema, "ila hukurudi nyumbani bila kusoma neno lako." Mwembe ule haukuwa na dawati hata moja. Walikuwa kama 20.

2. Kazi za nyumbani tunazifanya sisi.

Kazi yenyewe kila siku ni ile ile: andika 1 hadi 100 mara tatu, au nakili ukurasa huu. Zamu ya mchana inatoka jioni, mtoto anafika nyumbani giza linaingia, ana njaa, ana vumbi. Usiku mmoja alilala kichwa juu ya daftari akiwa kwenye 64. Kesho yake asiyemaliza angechapwa. Nikaishika penseli kwa mkono wa kushoto nikamalizia mwenyewe, nikizipinda nane zangu zifanane na zake. Daftari likarudi na alama ya vema nyekundu na maneno: "Vizuri sana, ongeza bidii."

Nina miaka 41. Nitaongeza bidii.

Mimi angalau penseli naijua. Jirani yangu mama lishe hajui kusoma. Kila jioni anampa kijana wa bodaboda sahani ya wali amwandikie mwanawe ile moja hadi mia, na kijana ana mwandiko mzuri sana, sijui kwa nini mwalimu hajashtuka. Mzazi huyu si mzembe. Anaamka saa tisa za usiku kuinjika maharage. Shule imempa mwanawe kazi ambayo haiwezi kumfundisha kitu na ambayo mama hawezi kuisimamia, kisha kwenye mkutano tunaambiwa wazazi tumejisahau.

Na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana watoto hawa nyumbani wanajifunza mengi na shule haijawahi kuyauliza. Binti yangu ananipangia vifungo kumi kumi kwenye vifuniko vya chupa, nikimwambia nataka vifungo thelathini na nne analeta vifuniko vitatu na vinne mkononi. Hiyo ni makumi na mamoja, somo ambalo darasani analia nalo. Futikamba yangu ameichezea tangu anatambaa, anajua sitini iko wapi. Namtuma genge na shilingi 2,000, nyanya za 500, mafuta ya kupima ya 1,000, analeta 500 yangu, na siku mwenye genge alipomrudishia 400 alisimama pale pale mpaka akapewa mia yake. Mtoto huyo huyo kwenye daftari, 20 kutoa 15, kaandika 35. Kutoa anakujua. Asichokijua ni kwamba kile kijistari kinasema habari ya chenji, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuunganishia.

Bibi yake naye kila usiku anamtegea vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Anayajua mengi kunizidi. Msamiati huo, hayo maneno yote kichwani, ni mtaji wa kusomea ambao mtoto anaingia nao darasani na kutoka nao hivyo hivyo, haujaguswa.

Baada ya ile jioni ya jogoo nilichukua chaki yangu ya kuchorea nguo na kitambaa cheusi. Kila siku maneno matatu, dakika kumi, mimi naendesha cherehani yeye anatamka. Kuku. Kuna. Nuka. Tulicheka sana hapo kwenye nuka. Oktoba ilipoisha akawa anasoma vibao vya barabarani kwa sauti ndani ya daladala mpaka abiria wakageuka. Ualimu sijasomea hata siku moja. Ila mimi nina kazi ambayo mtoto anaweza kukaa kando yangu. Mama lishe hana nafasi hiyo, wala mfanyakazi wa kiwandani, wala baba anayeendesha lori la Tunduma.

3. Kusikilizwa kupo, lakini kunauzwa.

Elimumsingi bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Ada hatulipi, na nashukuru, sisemi kwa kejeli. Lakini masomo yakiisha, katika darasa lile lile, mwalimu yule yule, kuna twisheni ya saa moja. Shilingi 500 kwa siku. Wanaobaki huwa 30 hivi. Na huko kwenye twisheni, waheshimiwa, kila mtoto anaitwa mbele kusoma peke yake.

Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Mimi nikilipa twisheni siku 20, nimemaliza ruzuku ya mwaka mzima ndani ya mwezi mmoja. Nililipa miezi miwili nikaacha, ndipo nikaanza na chaki yangu.

Halafu kuna jaribio la Ijumaa, shilingi 300 ya fotokopi. Mtoto asiye nayo anakaa nje, kwenye msingi wa ukuta, wenzake wakifanya. Nimewaona kwa macho yangu, tisa, wamejipanga kama kuku wa mnada, mmoja wao anachora kwenye mchanga kwa kijiti. Alikuwa anaandika jina lake. Aliliandika sawasawa.

4. Mtoto anachapwa kwa kutokujua.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kushindwa kusoma neno "mbwa" si utovu wa nidhamu. Binti yangu amechapwa viganja kwa "mbwa", na nina hakika hakuna kitabu kilichoandikwa. Tangu siku hiyo hata ng'ombe alikuwa anamtamka kwa kunong'ona. Mtoto akiogopa kukosea hafungui mdomo, na asipofungua mdomo tumerudi kwenye hoja ya kwanza.

5. Vitabu viko kabatini.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania shuleni vipo, nimeviona, vina harufu ya upya. Vimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu ili visichakae. Kile alichonisomea binti yangu nilikiomba kwa barua, nikasaini. Taasisi imeviweka pia kwenye maktaba yake ya mtandaoni bila malipo, jambo la maana, lakini simu yenye kioo cha kutosha na bando si kila nyumba inavyo, na mtoto anayejifunza kufuata maneno kwa kidole anahitaji karatasi. Kitabu kikichakaa mikononi mwa watoto ndiyo kazi yake hiyo. Sketi iliyochakaa imevaliwa.

6. Kiingereza.

Kwa mtaala ulioboreshwa sasa kinafundishwa kama somo tangu darasa la kwanza. Sina ugomvi nacho, wateja wangu nusu wana ndoto ya inglishi midiamu. Nauliza tu: mtoto ambaye hajashika kwamba a ni a, mnampa lugha ambayo a inabadilika kila neno, katika wiki zile zile, kwa mwalimu yule yule mwenye watoto 127. Ndiyo maana kuna daftari hapa limeandikwa "buku" na chini yake "book", na mtoto haelewi ni lipi lililokosewa.

Najua mtakachonijibu, kwa hiyo nijibu mapema.

Mtasema walimu hawatoshi. Kweli. Lakini shuleni kwetu mwalimu alipatikana, akapelekwa darasa la saba. Mgawanyo ule ulifanywa na mtu, na mtu anaweza kuubadilisha. Kila shule inamweka mwalimu wake hodari kwenye darasa la mtihani na kuwaachia watoto wadogo yeyote aliyebaki, kisha miaka sita baadaye tunashangaa kwa nini darasa la mtihani linahitaji kambi, twisheni na maombi. Mtaani, kwa upande mwingine, wamejaa vijana waliomaliza ualimu wakisubiri ajira. Mmoja ananikatia vitambaa.

Mtasema hiyo ni shule moja. Watafiti wa Uwezo, chini ya shirika la Twaweza, walipopita nyumba kwa nyumba miaka ya mwanzo ya 2010 walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Serikali yenyewe iliona, na mwaka 2015 ikapunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ipate muda. Ulikuwa uamuzi mzuri. Muda ukapatikana, ila darasa likajaa, kwa sababu watoto waliofunguliwa mlango 2016 waliingia wengi, kama ilivyotakiwa waingie.

Mtasema mtaala mpya umeanza 2024, tuupe nafasi. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapozidi. Kwa mtaala huu elimu ya msingi ni miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Watoto wetu hawana darasa la saba. Ule mwaka ambao shule zilikuwa zikiutumia kuziba viraka vya darasa la pili umekatwa kwenye kitambaa. Anayekata kitambaa kifupi lazima apime mara mbili.

Na mtasema kuna upimaji wa darasa la pili, wasiojua watabainika. Utawabaini Novemba, wakati wanafunga mabegi kwenda darasa la tatu.

Ninachoomba nakitaja waziwazi, mtu asije akasema mzazi alilalamika tu.

Kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili asikilizwe akisoma peke yake walau mara moja kwa wiki, na iandikwe kwenye daftari la mwalimu: tarehe, jina, amesoma nini, amekwama wapi. Kwa darasa la watoto 127 hiyo ni kama watoto 25 kwa siku. Mwalimu mmoja haziwezi hizo namba na zamu mbili, kwa hiyo halmashauri ziruhusiwe, kwa waraka, kuwachukua wahitimu wa ualimu walioko mtaani kuwa wasaidizi wa kusomesha, kwa posho inayojulikana na kwa mkataba, wasije wakaishi kwa twisheni. Mikondo iliyounganishwa kwa muda itenganishwe, na isiunganishwe tena bila Afisa Elimu Kata kuandika ni kwa wiki ngapi.

Twisheni ya malipo kwa darasa la kwanza na la pili ndani ya shule ikomeshwe, pamoja na jaribio la kulipia. Nasema madarasa hayo mawili. Ya juu yana mjadala wake, sitaki kuuingilia hapa.

Vitabu vitoke kabatini Ijumaa virudi Jumatatu. Tuko tayari kusaini, tuko tayari kuvibandika gundi vikichanika, na mimi binafsi najitolea kushona mifuko ya kitambaa ya kubebea, darasa zima, bure. Vitambaa vya mabaki ninavyo.

Kazi ya nyumbani iwe moja: mtoto amsomee mtu yeyote dakika kumi. Bibi, kaka, kondakta wa nyumba ya jirani. Hata asiyejua kusoma anaweza kufunika picha na kumwambia mtoto aendelee. Walimu watufundishe hilo kwenye mkutano wa wazazi, nusu saa tu, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi.

Fimbo kwa kukosea kusoma iishe leo. Hili halihitaji bajeti.

Na barua za wazazi zijibiwe. Hata kwa kukataa. Naomba jibu la hii kabla shule hazijafunguliwa Julai, ili kama ni hapana nijue mapema ni watoto wangapi naweza kuwaweka kwenye fremu yangu jioni. Hadi sasa wanakuja saba, akiwemo yule wa mama lishe. Wanakaa sakafuni, wananimalizia chaki.

Anwani yangu mnayo, iko kwenye barua ile yenye muhuri wa mapokezi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani,
mama wa mwanafunzi wa darasa la pili,
Dar es Salaam.

Nakala:
Mwalimu Mkuu, kwa heshima na shukrani kwa kile kitabu nilichoazimwa. Nitakirudisha Jumatatu.
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, kwa ajili ya mengineyo.